Waya Haumpotezi Mtu

Mzee Honi alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu mlangoni mwa gereji ya mwanawe, akiwakaripia mafundi ambao hawakuwa na habari naye. Alikuwa ameendesha magari tangu ujana wake mpaka macho yalipomwachisha kazi, na jina alilipata kwa tabia ya kupiga honi kila kona, hata barabara ikiwa tupu.

Kobe alivuta ndoo, akaipindua, akaketi. Na yeye hilo halikuwa jina la kuzaliwa. Alibandikwa na wenzake polisi kwa sababu alikuwa mpelelezi wa polepole asiyerudi mikono mitupu, na siku aliyostaafu alirudisha sare akabaki na jina. Wezi wa zamani walimwogopa akinyamaza kuliko akifoka. Ukimwona kobe kainama, walikuwa wakisema, jua anatunga sheria.

"Nimeambiwa wewe ni katika waliobaki," alisema.

"Nimebaki kwenye nini, mama?"

"Kikosi cha mlimani. Mlio hai ni wawili tu."

Mzee Honi alisogeza sikio. "Wawili? Mwingine nani?"

"Namba mbili wa simu. Siku hizi ni seremala."

"Aa! Yule kijana mwembamba mwenye aibu? Yu hai? Mimi nilidhani nimebaki peke yangu nikiwasumbua watoto." Alicheka hadi akakohoa. "Na namba moja wake, yule mtani wangu?"

"Huyo ndiye ninayemtafuta," Kobe alisema.

Alikuwa akimtafuta kwa wiki ya tatu sasa. Kazi aliletewa na muuguzi mmoja, mwanamke mkavu wa maneno, ambaye baba yake alikuwa amelala kitandani na figo zilizochoka. Mtaani kote mgonjwa huyo aliitwa Mwalimu, kwa kuwa nusu ya mtaa ilisomeshwa naye. Baba wa Mwalimu alikwenda vitani kuwa fundi wa nyaya za simu, mwanawe akiwa bado tumboni. Hakurudi. Kambini wakamwandika mtoro, na neno hilo likatangulia kufika nyumbani kabla mtoto hajajua kutembea. Mwalimu alikua akiitwa mwana wa mtoro. Alipoanza kazi alilitupa jina la baba akachukua la mjomba. Na siku ya kumzika mama yake, mtu mmoja aliposimama akataka kumtaja mume wa marehemu, Mwalimu alimkatiza mbele ya umati mzima: "Huyo asitajwe hapa." Hilo lilikuwa likimla kuliko figo, na alilisema mwenyewe bila kuulizwa.

"Sitafuti sifa, Inspekta," alimwambia Kobe siku ya kwanza, mkono wake mwembamba ukichezea ncha ya shuka. "Nataka kujua nimwiteje. Wenzangu wote waliofiwa husema marehemu baba. Mimi tangu utoto nasema yule. Sasa nikimkuta huko ninakokwenda, nitaanzaje hata kumwamkia?"

Palikuwa na fununu kwamba yule hakufa, bali aliishi katika mji wa mpakani, ng'ambo ya mto, na mke mwingine na watoto wengine. Lisemwalo lipo, kwa hiyo Kobe alipanda basi akaenda kuuona uongo huo kwa macho yake. Alimkuta mzee mwenye jina hilohilo, askari kweli, lakini wa vita vingine, na aliyekasirika mno kusingiziwa wajukuu. Kobe alirudi na kiuno kinamuuma, akaanza kupita nyumba hadi nyumba na swali moja: nani alikuambia? Shangazi wa Mwalimu aliambiwa na jirani. Jirani aliambiwa na mama wa Mwalimu mwenyewe, kabla hajafa. Na mama huyo aliambiwa na seremala.

Hapo Kobe hakushtuka. Seremala alikuwa rafiki wa askari aliyepotea, namba mbili wake, na kama kulikuwa na mtu wa kujua, basi ni yeye. Tena familia ile ilimwapia. Ndiye aliyeezeka paa la mjane, aliyemfundisha Mwalimu kuendesha baiskeli, aliyekaa upande wa baba siku Mwalimu alipooa, aliyemchongea mjane jeneza kwa mkono wake akakataa hata asante. Mwalimu alimwita Baba Mdogo, na muuguzi alimwita Babu, na hakuna aliyekumbuka kwamba hawakuwa damu moja. Wiki mbili nyuma alimweleza Kobe habari zote huku machozi yakimtoka: waya ulikatika, mwenzake akatoka kuutengeneza, hakurudi, wala sauti yake haikusikika tena.

"Nieleze siku mliyotoka mlimani," Kobe alimwambia Mzee Honi.

"Ilikuwa mvua na mizinga, mama, mizinga na mvua. Daraja lilichukuliwa na maji usiku wake, kwa hiyo nyuma hakuna njia. Mbele adui. Mimi nina lori limejaa majeruhi na sijui niwapeleke wapi. Nikuambie kweli, tulikuwa tunangoja zamu yetu tu. Halafu amri ikaja: shukeni upande wa pili wa mlima, sasa hivi. Tukashuka. Tungekawia kidogo, leo ungekuwa unahojiana na hili tairi."

"Amri aliileta nani?"

"Aliileta nani kivipi? Ilikuja kwa simu."

Kobe aliinama akachomoa kijiwe kilichoingia kwenye kiatu. Alikaa nacho mkononi.

"Uliiona ikija?"

"Niliisikia! Nimesimama mlangoni mwa handaki namwomba kapteni ruhusa ya kuwasha lori, simu ikalia. Mchana kutwa ilikuwa bubu, mara ikalia! Kapteni aliirukia kama mwenye njaa aliyeona sufuria."

"Hakuna mjumbe aliyekuja kwa miguu kutoka makao?"

"Apite wapi? Mto umefurika, daraja hakuna. Labda awe kambare."

"Na waya ulikuwa umekatika tangu asubuhi."

"Ndiyo. Namba moja akachukua mfuko wake akatoka kuufuata. Nilimwambia, wewe, subiri mizinga ipungue. Akanijibu, piga honi yako, niachie waya wangu." Mzee Honi alitabasamu, halafu tabasamu likamwisha. "Sikumwona tena. Mimi nilienda na majeruhi mpaka hospitali, huko nikapewa lori jingine na kikosi kingine. Alikufa, siyo?"

"Walimwandika mtoro."

Ndani ya gereji nyundo iliendelea kugonga chuma. Mzee Honi alikaa mdomo wazi.

"Mtoro? Mtoro gani anakaa kwanza kutengeneza waya? Mama, sisi wote tulitoka kwa sababu ile simu ililia! Na mimi nipo hapa miaka yote nakula, nalala, nazaa, na lile jambo ninalo kichwani!" Alijipiga paja. "Mbona hakuna aliyekuja kuniuliza?"

"Hakuna aliyejua kwamba upo, mzee. Na asiyekuwapo na lake halipo."

"Hata mtoto alimwacha tumboni. Alikuwa akitusumbua na habari za huyo mtoto kila siku." Mzee Honi alifuta macho kwa kiganja chenye alama za grisi za zamani ambazo hakuna sabuni iliyoziweza. "Nitamtazamaje mtoto wake?"

Kobe alimuaga akaondoka, akitembea taratibu kwenye kivuli cha kuta. Dereva alikuwa amemthibitishia jambo moja tu: waya ulitengenezwa. Mtu aweza kutengeneza waya kisha akatupa mfuko na kujiendea zake. Kilichotokea baada ya waya kuungwa hakikujulikana na mtu yeyote, ila yule aliyeachwa kwenye simu.

*

Seremala alikuwa nyuma ya nyumba yake, kwenye meza ya kazi, akipiga msasa mguu wa kigoda. Vitanda na makabati aliwaachia vijana siku nyingi, lakini mikono haikukubali kustaafu. Mkamwana wake alikuwa akianika nguo kando ya ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Inspekta. Umerudi. Umempata?"

"Bado. Leo nimekuja kama mwanafunzi."

Kabla hajaeleza, simu ya mkononi iliyolala mezani kati ya patasi na kopo la gundi ilianza kulia. Seremala aliacha msasa. Hakuigusa. Alirudi nyuma hatua moja, akaita, "Mama! Kitu chako kinalia huku."

Mkamwana alikuja mbio na mikono imelowa. Simu ilikuwa imeshakata. "Si chako hicho, Baba? Tulikununulia wewe! Unabonyeza tu hapa penye kijani." Alimgeukia Kobe. "Mama, umewahi kuona fundi simu wa jeshi asiyeshika simu? Muuza maji huyu anakufa kiu. Sijui anadhani itamng'ata."

"Nenda kamalize nguo zako," Seremala alimwambia, si kwa ukali. Mkamwana alienda akicheka.

Kobe aliketi kwenye kigoda kingine kilichokwisha tengenezwa. Kilikuwa imara na hakikulia. "Nataka nijue ile kazi yenu ilivyokuwa. Nafuata habari za fundi waya na mwenyewe sijui waya unafuatwaje. Nifundishe."

Uso wa mzee ulifunguka. Pengine hakuna mtu aliyewahi kumwomba hilo. Alichukua uzi wake wa kupigia mstari, akafunga ncha moja kwenye jiliwa la kubania mbao, akaunyoosha mpaka ukutani, akafunga ncha ya pili kwenye msumari.

"Hapa kwenye jiliwa ni sisi, mlimani. Kule msumarini ni makao. Katikati ni vichaka na mawe na mto, na waya unalala chini kwenye nyasi, ila mtoni unapita juu ya miti. Sasa bomu limekata." Aliuchukua mkasi akaukata uzi palepale bila huruma. "Utafanya nini?"

"Nitakwenda kuangalia."

"Nani atakwenda? Mko wawili. Namba moja anatoka, namba mbili anabaki na simu masikioni. Namba moja haangalii njia. Anaushika waya hivi, unapita kiganjani, anaufuata. Hata kuwe na ukungu, hata kuwe na moshi, atafika panapokatika. Sisi tulikuwa tunasema, waya haumpotezi mtu." Vidole vyake, vilivyovimba kwenye viungo, vilifunga ncha mbili za uzi kwa fundo dogo, bapa, lisilotokeza. "Akishaunga, anachomeka simu yake ndogo ya kupimia. Anapiga kwanza upande wake, kwa mwenzake."

"Kwa nini asianze na makao?"

"Ukianza na wakubwa watakushika maneno, uko kwenye mizinga wao wanakuuliza habari za magunia." Alicheka kidogo. "Hapana, anaanza na mwenzake kwa sababu mwenzake anangoja. Anauliza, unanisikia? Na mwenzake anajibu, nakusikia. Basi, kiungo kimeshika."

"Na asipojibiwa?"

"Asipojibiwa, fundi haondoki. Atafungua, ataunga upya. Fundi haachi kiungo asichojua kama kimeshika. Ni mwiko."

"Na namba moja akikawia, asirudi?"

Seremala alipitisha kidole juu ya fundo.

"Namba mbili anamfuata," alisema. "Anaushika waya, anakwenda. Hawezi kumkosa."

"Wewe ulimfuata, mzee?"

"Amri ya kuondoka ilikuja. Hapakuwa na muda. Nilikwambia."

"Uliniambia. Sikukuuliza amri ililetwa na nani."

"Na mjumbe. Kutoka makao."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Alivukaje mto?"

"Daraja..." Seremala alianza, akaishia hapo.

Kobe aliyaacha maneno yake yakae. Katika miaka yake ya kituoni alijifunza kwamba mwongo huogopa kelele kidogo na kimya sana. Mkamwana alikung'uta shuka, maji yakarukia ukutani.

"Dereva wa lori yu hai," Kobe alisema.

"Honi?"

"Honi. Nimetoka kwake sasa hivi. Amekusalimu sana. Anasema alikuwa mlangoni mwa handaki simu ilipolia."

Mzee alitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia. Kobe aliinuka akampa kigoda chake, naye akaketi, magoti yakiwa juu.

"Kwa hiyo waya ulitengenezwa," Kobe aliendelea, sauti ileile. "Hakuna aliyeweza kuutengeneza ila mmoja. Na huyo, kwa sheria uliyonifundisha mwenyewe, alikupigia wewe kwanza. Ukaniambia hukusikia sauti. Ukawaambia kambini hukusikia sauti. Mzee, alisema nini?"

Seremala alitazama uzi uliokuwa umenyooka mbele yake.

"Aliuliza kama namsikia."

"Ukajibu?"

"Nilikuwa peke yangu mle handakini. Kapteni alikuwa nje na majeruhi. Akaniambia, unanisikia? Nimeunga, lakini jiwe limeniangukia mguuni, siwezi kutembea. Njoo unitoe. Nilimsikia vizuri kama ninavyokusikia wewe. Mizinga ilikuwa inaangukia palepale alipo, naisikia kwenye simu na naisikia nje. Nikajua nikisema nakusikia, nimekubali kwenda. Sikusema kitu."

"Akadhani kiungo hakijashika."

"Ndiyo."

"Akafungua akaunga upya."

"Mara nyingi. Angeweza kujikokota akajificha, palikuwa na miamba, mimi napajua. Lakini hakuondoka kwa sababu yangu. Namsikia akifungua, akiunga, akihema. Unanisikia sasa? Kimya. Anaanza tena. Sasa je? Mimi nimeziba mdomo kwa mkono huu." Aliuinua mkono wa kulia akautazama kama wa mtu mwingine. "Halafu makao wakapiga. Kapteni akaingia mbio, akapokea, wakasema maneno yao ya kuondoka, akatoka mbio. Na mwenzangu alikuwa bado amechomeka simu yake pale katikati. Aliisikia amri yote."

"Kwa hiyo alijua waya ni mzima."

"Alijua ni mzima. Na alijua mimi nilikuwa namsikia tangu mwanzo."

"Alikutukana?"

"Angenitukana ningepata pa kushika!" Sauti ya mzee ilipanda, mkamwana akageuka na pini ya nguo mdomoni. Seremala akashusha sauti. "Alisema tu, 'Kumbe umeshika.' Hivyo hivyo. Kama fundi anayeridhika na kazi yake. Kisha nikasikia kishindo kwenye simu, na kabla hakijaisha nikakisikia nje. Baada ya hapo hakuna kitu. Waya ulikufa."

"Na yeye."

"Na yeye."

Kobe alilisubiri lililobaki.

"Kambini waliniuliza, amekufa? Ningesema ndiyo wangeuliza umejuaje. Nikasema sijui, hakurudi. Wao ndio walioandika mtoro. Mimi sikulisema neno lile." Alitikisa kichwa. "Lakini sikulikataa."

"Na mke wa mpakani?"

"Nilimtunga mimi. Kila nikipita jioni namkuta yule mama mlangoni na mtoto mgongoni, anatazama njia. Nikasema, akikasirika ataacha kungoja." Alifuta pua kwa shati. "Alikasirika. Kungoja hakuacha."

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Ya huyu ilikuwa ndefu kama umri wake, na kila hatua yake ilikuwa imejengwa kwa wema. Paa lile halikuvuja hata siku moja. Ndiyo maana kwa wiki zote hizo Kobe alikuwa amezunguka mbali, mpaka mpakani, akitafuta kitu kilichokuwa kimeketi kwenye kiti cha baba katika picha ya harusi ya Mwalimu. Kikulacho ki nguoni mwako. Alijilaumu kwa hilo, na alijilaumu zaidi kwamba alimhurumia.

"Inspekta," Seremala alisema. "Yule mtoto ni mgonjwa. Mimi ndiye baba aliyemjua. Unataka kumnyang'anya baba wawili kwa siku moja?"

"Nataka kumrudishia mmoja."

"Subiri basi nife. Si mbali."

"Nani ana haraka zaidi ya kufa, wewe au yeye? Alimfukuza baba yake kwenye mazishi ya mama yake, mzee. Kwa neno ambalo hukulikataa. Anataka kwenda huko akijua atamwamkiaje."

Kobe alitoa simu yake mwenyewe mfukoni, akatafuta namba, akaiweka mezani karibu na fundo la uzi.

"Kazi ya kumwambia ni yangu, na nitaifanya leo kabla ya chakula cha mchana. Nimezoea. Nitasema nilivyosikia, na yeye atasikia kwa mtu wa nje. Au apigiwe na wewe. Kubonyeza nitabonyeza mimi."

Mkamwana alikuwa ameacha nguo zake. Alikuwa amesimama na beseni kiunoni, hajui kama aje au asije.

"Bonyeza," mzee alisema.

Simu iliita. Ilipopokelewa Kobe alimpa, naye akaishika kwa mikono miwili, akaipeleka sikioni. Sauti ilikuwa juu, Kobe aliisikia alipokaa.

"Halo? Inspekta? Halo. Unanisikia?"

Mdomo wa mzee ulifunguka, haukutoa kitu. Mkono wake wa kulia uliinuka kuelekea mdomoni, na Kobe akaona kwamba unakwenda kuuziba.

"Halo?" Mwalimu alirudia huko kitandani. "Unanisikia?"

Mkono ulishuka ukashika ukingo wa meza.

"Nakusikia," Seremala alisema. Machozi yalimtoka kwa mkupuo. "Nakusikia, mwanangu. Nakusikia vizuri."

"Baba Mdogo? Ni wewe? Wewe na simu tangu lini? Leo mvua ya mawe itanyesha!" Mwalimu alikuwa akicheka, kicheko cha mgonjwa kinachokatika njiani.

"Nina habari za marehemu baba yako."

Kicheko kilikoma. Kobe alisikia kitanda kikilia, kama mtu anayejaribu kuinuka.

"Umesema marehemu?"

"Nimesema marehemu. Alikufa siku ileile, kwenye kazi yake. Hakumkimbia mtu. Yaliyobaki si ya kusema kwenye simu. Yaliyobaki ni ya kwangu mimi, na ukishayasikia unaweza kunifukuza."

Mzee alisubiri bila kuondoa simu sikioni.

"Marehemu baba," Mwalimu alisema taratibu, kwa sauti ya mtu anayejaribu nguo mpya. Kisha: "Njoo, Baba Mdogo. Sina mahali pa kwenda. Lakini uje mwenyewe, usimtume Inspekta."

"Nakuja mwenyewe."

Alisimama. Mkamwana alimletea fimbo na kumuuliza kwa macho kuna nini, naye akamgusa bega akampita. Kobe alinyoosha mkono apokee simu yake, lakini mzee hakumpa. Alikuwa ameishikilia sikioni, akielekea kwenye geti, akipita kando ya uzi bila kuugusa. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa mtaa wa tatu, na Kobe, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuachwa nyuma na mzee mwenye fimbo, ilimbidi akaze mwendo.

"Usikate, mwanangu," Seremala alikuwa akisema barabarani, na watu wakampisha. "Endelea kuniuliza tu. Nakusikia. Niko njiani."